Alteneta Ilipokufa Mteremkoni Shyorongi

Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia, na taa za Kigali zilikuwa zimeanza kuwaka moja moja juu ya vilima, wakati sisi tulipokuwa tukiteremka kutoka Shyorongi kurudi mjini kwa barabara kuu ya Musanze. Waijuao barabara hiyo hawana haja ya kuelezwa. Inapita ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, hadi Kanyinya, kisha inashuka mpaka bonde la Nyabugogo, na saa hiyo hujaa malori ya viazi, mabasi, pikipiki na watu waendao kwa miguu.

Gari letu lilikuwa Toyota Hilux ya dizeli iliyokwisha kula chumvi nyingi. Kwa muda wa wiki nzima ilikuwa ikitoa sauti ya kukwaruza upande wa mbele wa injini, nasi tukawa tunaambiana kwamba ni mkanda tu. Na tuseme kweli yote: ile taa nyekundu yenye picha ya betri ilikuwa imeanza kuonekana usiku, haiwaki barabara wala haizimiki, mfano wa kaa lililofunikwa na majivu. Tuliiona, tukanyamaza. Gari lilikuwa likiwaka kila asubuhi, na mtu ambaye gari lake linawaka hapendi kutafuta maneno.

Tulipokuwa tunaikaribia Kanyinya, sauti ile ikageuka kuwa yowe. Ikafuata harufu ya mpira unaoungua, kisha kimya, na papo hapo taa nyekundu ikawaka kwa nguvu zake zote. Dereva wetu, ambaye aliwahi kuendesha magari ya jeshi kwa miaka mingi, akakanyaga breki; zikashika. Akakanyaga tena, zikashika kidogo. Mara ya tatu kanyagio likawa gumu kama jiwe, na mbele yetu lori lenye shehena lilikuwa likipunguza mwendo ili kuingia konani. Hakupiga kelele. Alirudisha gia ya pili, injini ikanguruma. Akaweka miguu yote miwili juu ya kanyagio na kulikandamiza bila kuliachia, mkono wa kulia ukivuta breki ya mkono kidogo kidogo. Tulisimama pembeni, hatua chache nyuma ya lori lile, huku mshale wa joto la injini ukiwa umekwisha anza kupanda.

Ndugu askari, tumeyaandika haya kwa sababu wengi wenu ni madereva, au mnasafiri nyuma ya magari yanayoendeshwa na wenzenu, na kwa sababu usiku ule tulidhani tumepatwa na maradhi matatu kwa mpigo: umeme umekufa, breki zimekufa, na injini inachemka. Ilikuwa maradhi moja.

Asubuhi yake gari lilivutwa hadi Gatsata. Mahali hapo, ng'ambo kidogo ya kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kando ya barabara iendayo mpaka wa Gatuna, ndipo Kigali inapopeleka magari yake yanayougua. Gereji zimeshikana ukuta kwa ukuta. Huyu anapiga rangi, yule ananyoosha bodi, wa tatu ameketi juu ya tairi akisuka upya nyaya za shaba za mota ya kuwashia. Lugha za hapo ni Kinyarwanda, Kifaransa kwa majina ya vyuma, na Kiswahili. Hilo la mwisho halishangazi. Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva na ya mitaa kama Biryogo na Nyamirambo miaka mingi kabla ya Rwanda kukifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Fundi mzee wa umeme wa magari aliyetupokea alikuwa ametoka huko huko Biryogo, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu.

Hakuanza kwa spana. Aliuliza kwanza: "Taa ilianza lini kuwaka kwa unyonge? Na mlio ulianza lini?" Tulipomjibu, alitikisa kichwa, akafungua alteneta na kuiweka juu ya gunia. Mafuta meusi yakachuruzika kutoka ndani yake.

Hapa inatupasa tueleze kidogo jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Betri haiendeshi gari. Betri huliwasha tu. Injini ikishawaka, mkanda wa feni huzungusha puli ya alteneta, na ndani yake sumaku ya umeme iitwayo rota huzunguka katikati ya nyaya za shaba zilizotulia. Sumaku hiyo hupata umeme wake mdogo kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyogusa pete za shaba. Umeme unaozaliwa ni wa kwenda na kurudi, usiofaa kwa betri, kwa hiyo hupitishwa katika dayodi, kwa kawaida sita, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Kisha kuna regyuleta, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme usizidi wala kupungua. Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na chombo hiki lilikuwa Valiant ya kampuni ya Chrysler ya Marekani, mwaka 1960. Kabla ya hapo magari yalitumia dainamo. Wazee wa polisi wa Afrika Mashariki watakumbuka Land Rover za zamani ambazo dainamo yake ya Lucas ilitoa ampea 22 tu. Ilikuwa mwaka 1971, Land Rover ya mfululizo wa tatu ilipotoka, ndipo alteneta ilipokuwa kitu cha kawaida katika gari hilo.

Lakini alteneta ya gari letu ilikuwa na kitu kingine mgongoni. Mzee alikigeuza ili tukione: pampu ndogo ya chuma iliyofungwa nyuma, ikizungushwa na mhimili ule ule wa rota, na mpira mnene unaotoka kwake kwenda kwenye lile kopo kubwa jeusi lililo nyuma ya kanyagio la breki, ambalo mafundi huliita sevo. Injini ya petroli hujivutia hewa yenyewe kwa nguvu, na kwa mvuto huo sevo hupata ombwe la kumsaidia dereva kukandamiza breki. Injini ya dizeli haina mvuto wa namna hiyo, ndiyo maana huwekewa pampu. Katika magari mengine pampu hiyo huendeshwa na gia za injini. Katika mengine mengi yanayoonekana kila siku kwenye barabara zetu, kama vile Hilux za injini za 2L na 3L, Mitsubishi za 4D56 na Land Cruiser za zamani za 3B na 2H, pampu iko mgongoni mwa alteneta.

Basi kisa chetu kikafunguka chote. Pampu hulainishwa na mafuta ya injini. Sili inayozuia mafuta hayo yasiingie upande wa umeme ilikuwa imechakaa. Mafuta yakapenya, yakalowesha kaboni, ndipo taa ikawa inawaka kwa unyonge. Yakaosha grisi ya beringi la nyuma, ndipo ukatokea mlio. Beringi likafa, rota ikaanza kukwaruza nyaya, mwishoni ikakwama, mkanda ukaungua na kukatika. Kwa kuwa mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, injini ikaanza kuchemka. Na kwa kuwa pampu ya ombwe ilisimama, sevo ikabaki na akiba ya kutosha kukanyaga mara mbili au tatu tu. Dereva angeendelea kupampu kanyagio kama wengi wafanyavyo kwa hofu, angeimaliza akiba hiyo mapema zaidi. Breki zenyewe hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimenyimwa msaidizi, na zikataka nguvu za miguu miwili.

Ilibaki kuamua tutaweka nini mahali pake, na hapa ndipo tulipotaka kufanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Kijana mmoja wa gereji jirani alifika na alteneta ya kuvutia, safi, ya ampea 90, iliyotolewa katika gari dogo la petroli. Kigali huita vitu vya namna hiyo okaziyo. Dar es Salaam wangesema mtumba. Alituambia itaingia kwa kuongeza washa moja tu, itatoa umeme karibu maradufu ya ile ya zamani, na bei yake ni nafuu. Tukamwuliza kuhusu ule mpira wa ombwe. Akajibu kwamba atauziba kwa bolti, kisha dereva "atauzoea" ugumu wa kanyagio. Lazima tukiri kwamba mmoja wetu alikuwa amekwisha ingiza mkono mfukoni. Mzee hakumfokea kijana. Alimwuliza tu: "Wewe mwanangu unaishi wapi?" Kijana akasema anaishi Kanyinya. "Basi jioni ukirudi nyumbani kwa miguu, gari hili litakuwa linateremka nyuma yako." Kijana alicheka, akaichukua alteneta yake na kwenda zake, na baadaye tukamwona amesimama akitazama jinsi pampu inavyofungwa.

Tamaa ya ampea nyingi si jambo la kulaumiwa moja kwa moja, hasa kwa magari ya ulinzi na usalama. Tufanye hesabu ya gari la doria la volti 12. Taa kubwa mbili za mbele huvuta kama ampea 10. Taa ndogo zote pamoja, tuseme 4. Kimulimuli cha balbu ya kawaida, 5. King'ora cha wati 100 huchukua 8 hivi kinapolia. Redio ya masafa marefu ya wati 100 huweza kuvuta kama 20 wakati afande anapozungumza. Jumla ni kama ampea 47, na hatujahesabu feni, waipa wala simu zinazochajiwa. Alteneta ya ampea 50 ingeonekana kutosha, ila idadi hiyo iliyoandikwa kwenye kibandiko hupatikana injini inapokwenda kasi. Gari likiwa limesimama kwenye kizuizi cha barabarani usiku, injini ikizunguka taratibu, huenda alteneta hiyo isitoe hata nusu. Kinachopungua hulipwa na betri, saa baada ya saa, na kabla ya mapambazuko gari halina tena nguvu ya kujiwasha. Dereva hulaumu betri. Betri mpya inaletwa, nayo inakufa vile vile.

Maoni yetu ni kwamba dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo kabla ya kuongeza chuma. Kimulimuli cha LED hula sehemu ndogo tu ya umeme wa kile cha balbu, na injini ikipandishwa kidogo, kufikia mizunguko 1,200 kwa dakika, huweza kuiokoa betri usiku mzima. Ikiwa bado hakutoshi, ndipo iwekwe alteneta kubwa zaidi, lakini ya aina ile ile ya gari, yenye pampu ikiwa gari linaihitaji, na ya volti zile zile. Malori mengi ya jeshi ni ya volti 24, na alteneta mbili zinaweza kufanana kwa umbo kama mapacha huku volti zao zikitofautiana. Tena waya mnene unaotoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri ubadilishwe pia. Waya uliowekwa kiwandani kwa ampea 50 ukipitishwa 100 hupata moto, na moto huo huanzia mahali pasipoonekana, nyuma ya injini. Kwa ampea 100 tungetaka waya wa milimita 16 za mraba au zaidi, fyuzi yake, na waya wa ardhi wenye unene unaolingana kati ya injini na chesisi, maana umeme ulioenda lazima upate njia ya kurudi. Mkanda nao una kikomo: kutoa ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na kwa kuwa alteneta hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto, injini hutoa zaidi ya nguvu za farasi 3 kupitia ukanda mwembamba wa mpira. Ukilegea, huteleza, huungua, na tunarudi mteremkoni Shyorongi.

Rwanda ina jambo jingine la kuangaliwa. Magari hapa huenda upande wa kulia, hali Uganda, Kenya na Tanzania huenda kushoto, na spea nyingi hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Alteneta iliyotolewa katika gari la usukani wa kulia inaweza kuwa na mikono ya kufungia au tundu za bomba la mafuta zinazoelekea kwingine. Mzee wetu aliweka mbili ubavu kwa ubavu kabla ya kununua: akalinganisha puli, mikono, soketi ya waya, na mahali bomba la mafuta linapoingia. Kazi ya dakika tano.

Aliyoichagua mwishowe ilikuwa okaziyo ya Hilux, ampea 70, yenye pampu yake. Hakuifunga kama ilivyokuja. Aliipasua, akaweka beringi mpya mbele na nyuma, sili mpya na kaboni mpya, akapima dayodi moja moja. Alisema sehemu kubwa ya alteneta zinazotupwa zina shaba nzima kabisa. Kilichokufa ni vitu vidogo ambavyo bei yake ni ya mlo wa mchana. Kisha akaanza kufunga, na tuliangalia kwa makini. Kichwa hasi cha betri kilikuwa kimeondolewa tangu mwanzo, kwa sababu waya mnene wa alteneta una umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa, na spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja hutoa cheche za kumchoma mtu. Alimimina mafuta kidogo ndani ya pampu ili isianze kuzunguka kavu. Mkanda mpya aliukaza mpaka kidole gumba kikaweza kuubonyeza kiasi cha sentimita moja tu katikati, akatuagiza turudi baada ya siku chache aukaze tena, kwani mkanda mpya hunyooka. Betri yetu iliyokwisha kabisa aliikataa. Ililala usiku mzima kwenye chaja, kwa kuwa alteneta imeumbwa kuitunza betri iliyojaa, na ikilazimishwa kuifufua iliyokufa hupata joto na kuungua.

Wakati tukingoja, dereva mmoja wa teksi aliyekuwa jirani alitaka kujua kama alteneta yake inachaji. Akawasha injini na kuanza kulegeza kichwa cha betri, akisema kwamba gari lisipozimika basi alteneta ni nzima. Mzee aliacha kazi yake na kumkimbilia. Desturi hiyo ni urithi wa enzi za dainamo, na hata katika baadhi ya karakana za vikosi bado iko. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ikiondolewa ghafla injini inapozunguka, volti hupanda kwa mruko mmoja, zikaunguza dayodi, regyuleta, na katika magari ya leo kompyuta ya injini pamoja na redio iliyounganishwa. Kipimo sahihi ni voltimita. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka na kukanyagwa kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4. Taa zote zikiwashwa isishuke chini ya 13 na kitu. Ikizidi 15, regyuleta imekufa, na betri itachemshwa mpaka ikauke. Kwa gari la volti 24, hesabu hizo huzidishwa kwa mbili. Na ile taa nyekundu ipimwe pia: ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, ni lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Katika magari mengi umeme wa kuamsha sumaku hupitia kwenye taa hiyo, na balbu ikiungua, alteneta nzima huweza kukaa bila kuchaji. Kwa namna hiyo hiyo, fundi wa kuchomelea chuma asiguse chesisi kwa umeme kabla ya betri na nyaya za alteneta kuondolewa.

Tulimwuliza mzee: taa ikiwaka askari akiwa mbali na gereji, naye hana budi kufika? Alisema kwanza ufunguliwe mfuniko wa injini na kuangaliwa mkanda. Kama mkanda umekatika na ndio unaozungusha maji, safari imekwisha hapo hapo, hata kama mkubwa anasubiri. Kama mkanda upo, na pampu inazunguka, dizeli ya zamani inahitaji umeme kidogo sana, wa kushikilia vali ya mafuta tu. Zima redio, feni na kila kitu, usiizime injini, na mchana utafika mbali. Gari la kisasa lenye sindano za kompyuta halitakupa nafasi hiyo. Huenda likaenda saa moja hivi, au pungufu, kisha likazimika lenyewe. Usiku hesabu ni fupi kwa magari yote, maana taa za mbele haziwezi kuzimwa.

Jioni ya siku ya pili tulipanda tena hadi Shyorongi, mzee akiwa ameketi mbele na voltimita yake magotini, taa zote zikiwaka. Tuligeuza gari juu na kuanza kushuka. Volti zilisimama kwenye 14.1. Kwenye kona ya Kanyinya dereva alikanyaga breki mara moja, kwa mguu mmoja, gari likatii. Mzee alizima kipimo chake, akauliza kama ile alteneta ya zamani tuna haja nayo. Tukasema hatuna. Alisema vizuri, ataisuka upya, na sili itakuwa ya kwanza kubadilishwa.